Jinsi ya Kudumisha Umoja wa Klabu ya Useremala Wakati wa Janga la Maradhi

Wanachama wa klabu ya kusoma vitabu wanaweza kujifungia kila mmoja nyumbani kwake, wakasoma kitabu kilekile na kujadiliana kwa simu bila kupungukiwa na jambo kubwa. Klabu ya useremala haina bahati hiyo. Karakana inapofungwa kwa sababu ya maradhi ya kuambukiza, wanachama hupoteza kwa siku moja mashine wasizoweza kuwa nazo nyumbani, mbao zilizokuwa zikikauka kwa matumizi ya wote, na, jambo linalouma zaidi, lile jicho la mwenzao anayepita nyuma ya meza, akasimama kidogo, akasema, "Geuza ubao huo, unaranda kinyume cha nyuzi za mbao."

Haya ninayoyaandika niliyapata nilipokuwa katibu wa klabu ya namna hiyo katika kipindi cha UVIKO-19, kipindi ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitambua rasmi kuwa cha janga tarehe 11 Machi 2020, na ambacho hali yake ya dharura ya kimataifa haikutangazwa kuwa imekwisha mpaka tarehe 5 Mei 2023. Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba tulichokosa ni mkutano. Tuliitisha kikao cha video, watu wapatao 20 wakaonekana kwenye vioo vya simu zao, wakasalimiana, wakaulizana habari za afya, kisha wakanyamaza wakitazamana. Kikao cha pili kilihudhuriwa na nusu yao. Ilituchukua muda kutambua kwamba hata ndani ya karakana hatukuwa na desturi ya kukaa tukaongea ana kwa ana. Maneno yalikuja yenyewe mikono ilipokuwa na shughuli. Watu wa Australia walioeneza vibanda vya wanaume vya kufanyia kazi za mikono walilifahamu jambo hilo mapema, ndiyo maana kaulimbiu ya jumuiya yao husema kuwa wanaume hawaongei uso kwa uso, bali bega kwa bega. Nami naongeza kwamba wanawake wa klabu yetu nao, mbele ya meza ya kazi, walikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo ushauri wote unaofuata unasimama juu ya jambo moja: hakikisheni kazi inaendelea kuzunguka miongoni mwa wanachama, nayo maongezi yataifuata.

Anzeni na daftari na simu ya kawaida

Kabla ya kuchagua programu yoyote ya mikutano, katibu aandike upya orodha ya wanachama, lakini safari hii asiishie kwenye majina na namba. Aulize nani anaishi peke yake, nani ana umri mkubwa au maradhi ya muda mrefu yanayomfanya asitoke kabisa, nani ana simu yenye kamera na nani hana, na hasa nani ana zana gani nyumbani. Swali hili la mwisho huonekana dogo, kumbe ndilo litakaloamua mambo mengi baadaye, kwa sababu mtu asiye hata na jiliwa la kubania ubao hawezi kufuata somo lililoandaliwa kwa ajili ya mwenye karakana kamili uani kwake.

Orodha ikishakamilika, igawanywe katika mafungu ya watu watano au sita, na kila fungu lipewe mwanachama mmoja wa kuwapigia wenzake mara moja kwa wiki. Asiwe mwenyekiti wala katibu, maana hao watakuwa na mizigo mingine, na tena simu ya kiongozi husikika kama ukaguzi. Mpigaji naye aepuke kuuliza "Hujambo?" pekee, kwa kuwa jibu lake linajulikana hata kama mtu hajalala siku mbili. Aulize kitu chenye ncha: ubao ule wa mninga ulioubeba kabla hatujafunga umeufanyia nini? Patasi yako ile iliyomeguka umeinoa? Mtu akianza kueleza habari za patasi, habari za moyo nazo hujitokeza njiani bila kuitwa. Ikiwa mwanachama hapokei simu mara mbili mfululizo, pawe na mtu aliyeteuliwa mapema, anayekaa karibu naye, wa kwenda kusimama nje ya mlango wake na kuita. Na lolote la kiafya litakalosemwa katika simu hizo libaki kwa aliyeambiwa mpaka mwenyewe aruhusu litangazwe.

Kundi la ujumbe na masharti yake machache

Karibu kila klabu itaanzisha kundi la WhatsApp au programu nyingine ya namna hiyo, na karibu kila kundi litajaa tetesi za dawa, sala za kusambaziana na video za kuchekesha ndani ya siku tatu. Tulilimaliza tatizo hilo kwa kuwa na makundi mawili, moja la matangazo ambamo viongozi peke yao huandika, na la pili la kazi, ambamo hakuna kinachoruhusiwa ila picha, maswali na majibu yahusuyo mbao. Aliyetaka kuzungumzia tiba za kienyeji alielekezwa kwa upole mahali pengine.

Picha ziwe na kitu cha kulinganishia ukubwa, kama rula au penseli, na mtumaji ataje aina ya mbao na alichotumia kumalizia uso wake. Wahimizeni pia watume kazi zilizoharibika. Picha ya kiti kilichokamilika huvuta pongezi kumi na maongezi yanakatika hapo, lakini picha ya kiungo kilichopasuka wakati wa kubana huzua mjadala wa jioni nzima: je, tundu lilikuwa dogo, ubao ulikuwa mbichi, au gundi iliwekwa nyingi ikakosa pa kutokea?

Kazi moja mikononi mwa wengi

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo huu. Klabu ichague kazi ya pamoja, na kuna namna mbili za kuipanga.

Namna ya kwanza ni nyepesi: kila mwanachama anachukua ubao mmoja wa kipimo kilekile, tuseme urefu wa mita moja na upana wa sentimita 15, kisha anatengeneza chochote apendacho bila kuongeza mbao nyingine. Sharti hilo la ubao mmoja ndilo linalotia ladha, kwa sababu humlazimisha mtu kupanga mikato yake kabla ya kushika msumeno, na linawaweka sawa mwenye ghala la mbao na yule aliyebakiwa na kipande cha rafu iliyovunjika. Mpeni kila mmoja wiki tatu. Wiki moja haitoshi kwa anayefanya kazi usiku baada ya watoto kulala, na mwezi mzima huwafanya watu wasahau kwamba kuna kazi.

Kwa kazi ya kwanza kabisa, pendekezo langu ni kishikio cha simu cha mbao, chenye mkono mrefu unaoweza kuining'iniza simu juu ya meza ya kazi. Mtu atajifunza kukata tundu na ulimi wake, yaani ncha ya ubao mmoja iliyopunguzwa ili iingie ndani ya tundu la mwingine, na akimaliza atakuwa na kifaa atakachohitaji kwa masomo ya video yatakayofuata. Kwa wanaoanza, kumbusheni kanuni ya zamani kwamba ulimi uwe takriban theluthi moja ya unene wa ubao, ili kuta mbili za tundu zibaki na nguvu zinazokaribiana na za ulimi wenyewe.

Namna ya pili ni ngumu, nayo inaunganisha watu zaidi: kila mwanachama anatengeneza sehemu moja tu ya kitu kikubwa, kisha sehemu zote zinakusanywa na kuunganishwa. Inaweza kuwa benchi refu, kabati la vitabu, au seti ya sataranji ambayo kila mtu anachonga vipande viwili. Ugumu wake hauko kwenye ustadi bali kwenye vipimo. Futi kamba mbili zilizonunuliwa sehemu mbalimbali zinaweza kutofautiana kwa milimita moja au zaidi, hasa pale ncha yake ya chuma inapokuwa imelegea au kupinda, na milimita moja ikijirudia katika miguu minne hulifanya benchi liyumbe. Dawa yake ni kuacha kutumiana tarakimu. Mtu mmoja atengeneze fimbo ya vipimo, yaani upapi mwembamba wa mbao uliochorwa kwa ncha ya kisu kila urefu unaotakiwa, kisha anakili fimbo hiyo kwa idadi ya washiriki na kumpelekea kila mmoja ya kwake. Mshiriki analaza fimbo juu ya ubao wake na kuhamisha alama moja kwa moja, bila kusoma namba yoyote. Mafundi walifanya kazi hivi tangu kale, na bado sijaona njia iliyo salama kuliko hii kwa watu wasioweza kukutana.

Kuna mtego mwingine ambao tuliugundua tukiwa tumechelewa. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa kufuata unyevu wa hewa, na hufanya hivyo kwa upana wake, huku urefu wake ukibadilika kidogo mno. Sehemu kumi zilizotengenezwa katika nyumba kumi, nyingine ikiwa karibu na maji na nyingine ikiwa chini ya bati linalowaka jua mchana kutwa, hazitakuwa na upana mmoja siku ya kukutanishwa hata kama kila fundi alikuwa mwaminifu. Kwa hiyo mkataba wa kazi uandikwe hivi: maungo yanayotegemea urefu yakamilishwe nyumbani, lakini upana uachwe ukiwa na ziada ya milimita mbili au tatu, na sehemu zote zikae chumba kimoja kwa wiki mbili kabla ya randa ya mwisho kupita. Yule atakayekabidhiwa uunganishaji awe na meza pana na subira pana.

Kufundishana kupitia kamera

Somo la useremala kwa video huharibika kwa sababu ndogo ndogo ambazo mwalimu mwenyewe hazioni, na kubwa kuliko zote ni mahali pa kuweka simu. Wengi huiegemeza mbele yao ili uso uonekane. Mwanafunzi hahitaji uso wa mwalimu, anahitaji kuona kile ambacho macho ya mwalimu yanakiona, na kwa hiyo simu iwekwe juu ya bega la mkono usioshika zana, ikitazama chini kuelekea jiliwa. Ikipatikana simu ya pili, iwekwe ubavuni, usawa wa ubao wenyewe, ionyeshe pembe ya patasi au mwinamo wa msumeno. Pembe hiyo haionekani kabisa ukiwa juu.

Mwanga utoke ubavuni na uwe chini. Taa inayomulika toka darini huufanya uso wa mbao uonekane laini hata ukiwa umechanika, ilhali taa iliyolazwa karibu usawa wa ubao hutupa vivuli vidogo katika kila mkwaruzo, na mtazamaji aliye mbali anaona unachokizungumzia. Mistari ya penseli hafifu haionekani kwenye kioo kidogo. Mwalimu atumie kalamu nyeusi kwa ajili ya somo hata kama kwa kazi yake angetumia kisu.

Sauti nayo ina jambo lake. Programu nyingi za mikutano zimetengenezwa ili zichuje kelele na kubakiza maneno ya mtu, na kwa kipimo chao randa inayopita juu ya ubao ni kelele, kwa hiyo huifuta. Lakini fundi husikiliza randa yake. Iliyonolewa vizuri hutoa mvumo mmoja mrefu, na iliyo butu au inayokwenda kinyume cha nyuzi hukwaruza na kukatika katika. Tafuteni katika mipangilio ya programu sehemu inayoruhusu sauti ya asili ipite bila kuchujwa, muiwashe wakati wa kuonyesha na kuizima wakati wa maongezi, la sivyo kikao kitajaa mbwa na pikipiki za mtaani kwa kila mtu.

Urefu wa kikao usizidi dakika 40. Huo ndio ukomo ambao Zoom huuweka kwa vikao vya pamoja visivyolipiwa, na nilipoulalamikia mwanzoni sikujua kwamba ungetusaidia. Tulikuja kuugawa hivi: dakika kumi mwalimu anaonyesha, dakika ishirini kila mtu anafanya kwenye meza yake huku kamera zikiwa wazi na hakuna anayelazimika kusema, na dakika kumi za mwisho kila mtu anainua alichokipata mbele ya kamera. Zile dakika ishirini za kati, ambazo mtu wa nje angeona kama ukimya usio na faida, ndizo zilizofanana zaidi na jioni za karakanani. Mmoja angeuliza bila kuinua kichwa, mwingine akajibu, na ukimya ukarudi.

Nitoe mfano wa somo moja linalofaa sana kwa njia hii, nalo ni kunoa. Halihitaji mashine wala mbao za thamani, na kila mtu ana patasi iliyo butu. Mwalimu aanze kwa kusawazisha mgongo wa patasi juu ya kinoo, kisha atengeneze mwinamo mkuu wa digrii 25 na juu ya ncha yake mwinamo mdogo wa digrii 30, akieleza kwamba mwinamo mdogo hupunguza eneo la kusuguliwa kila mara unaporudi kunoa. Ushahidi wa matokeo unaonekana vizuri kwenye kamera: kila mwanafunzi akate kichwa cha kipande cha mbao laini, upande ambao nyuzi zimeishia, kisha akisogeze kwenye simu. Patasi iliyonoleka huacha uso unaong'aa, iliyo butu huacha uso wa vumbi uliopondeka. Vivyo hivyo kwa randa, mwambieni mtu ainue maranda yake mbele ya taa, nayo yataeleza yenyewe kama ni marefu na mororo au ni makombo.

Wapo ambao bando lao haliwezi kubeba video ya dakika 40. Wasiachwe. Mwalimu arekodi vipande vifupi visivyozidi dakika mbili, kila kimoja kikiwa na tendo moja, na mwanachama avipakue kwa wakati wake, kisha ashiriki kikao kwa sauti tu na kutuma picha. Kwa asiye na simu ya kamera kabisa, michoro ya mkono iliyokunjwa ndani ya bahasha pamoja na fimbo ya vipimo inamfaa kuliko msamaha wa kutokuwepo.

Sharti moja lisijadiliwe: msumeno wa meza, randa ya umeme na mashine yoyote inayozungusha kisu haiendeshwi wakati mtu anatazama kioo. Zirekodiwe pembeni, mwendeshaji akiwa ameelekeza akili yake yote hapo, na zionyeshwe baadaye.

Kuazimana zana

Katika miezi ya kwanza ya 2020 majaribio ya maabara yalionyesha kwamba virusi vya UVIKO-19 viliweza kubaki hai juu ya plastiki na chuma kisichoshika kutu hadi saa 72, na juu ya maboksi ya karatasi hadi saa 24, nasi tukaanza kuzitenga nyundo siku tatu kama wasafiri. Baadaye ilidhihirika kwamba njia kuu ya maambukizi ni hewa tunayoivuta karibu na mtu mwenye virusi. Kwa lugha ya klabu, hatari haikuwa kwenye randa iliyoazimwa; ilikuwa kwenye maongezi ya nusu saa mlangoni wakati wa kuipokea. Hivyo zana iachwe kibarazani ndani ya mfuko, anayeazima aijie baada ya kupigiwa simu, na maongezi yahamie kwenye simu hiyo. Maradhi mengine yana njia nyingine za kusambaa, na mamlaka ya afya ya mahali penu ndiyo ya kufuatwa pale masharti yanapotofautiana na haya.

Usafi wa zana una makosa yake ya kitaalamu. Dawa ya klorini hutia kutu chuma kwa haraka, na hairuhusiwi kukaribia patasi wala bamba la randa. Spiriti haidhuru chuma, lakini shelaki, ile rangi angavu ya kung'arishia mbao, huyeyushwa na spiriti, maana ndiyo inayotumika kuichanganya tangu mwanzo, na mpini uliopakwa shelaki ukifutwa kwa kitakasa mikono utaanza kunata. Maji kidogo yenye sabuni kwenye kitambaa yanatosha kwa mipini, kisha zana ikaushwe pale pale na sehemu za chuma zipakwe mafuta mepesi. Kitakasa mikono chenyewe, ambacho ili kifae kinapaswa kuwa na alkoholi ya angalau asilimia 60, kinashika moto. Mikono ikauke kabisa kabla ya kuwasha jiwe la umeme linalotoa cheche.

Daftari la kuazimana liwe na mtu mmoja wa kulitunza. Zana zilizotoka bila kuandikwa hazikurudi zote.

Usalama wa anayefanya kazi peke yake

Karakana ya pamoja ina mlinzi ambaye hakuna aliyemwajiri, nao ni uwepo wa wengine. Mtu akijikata, kuna wa kumfunga na wa kuita gari. Nyumbani hayupo, na wakati wa janga hata hospitali huwa na foleni ambayo hakuna anayeitaka. Kwa hiyo wanachama waunganishwe wawili wawili, na kila anayeanza kazi ya zana zenye makali amtumie mwenzake neno moja, na akimaliza amtumie jingine. Ikipita saa waliyokubaliana bila neno la pili, mwenzake anapiga simu. Jozi hizi ziliundwa kwa ajili ya ajali, lakini kwetu ndizo zilizogeuka kuwa urafiki wa karibu kuliko kundi lolote, na nadhani ni kwa sababu kila siku ya kazi ilikuwa na salamu mbili zenye sababu.

Anayehamishia kazi chumbani aangalie vumbi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na chumba cha kulala hakina feni ya kunyonya vumbi. Msasa upigwe nje panapowezekana, au uachwe kabisa na uso umalizwe kwa randa iliyonoleka. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe wala kurundikwa, kwa kuwa vikikauka hutoa joto na vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vianikwe nje vikiwa vimetandazwa, au vizamishwe katika kopo la chuma lenye maji.

Kuhusu fedha, semeni mapema na wazi: kodi ya karakana bado inalipwa kiasi gani, na akiba itafika mwezi upi. Asiyeweza kutoa ada asifutwe kwenye orodha wala asitajwe.

Siku ya kufungua karakana

Masharti yakilegezwa, msirudi wote siku moja. Wagawanyeni wanachama katika zamu zisizobadilika, ili akiugua mmoja zamu moja tu ndiyo isimame, na sogezeni meza mpaka kila mtu awe na umbali wa mita mbili hivi bila kulazimika kuukumbuka.

Karakana ina mambo mawili ambayo mabango ya kawaida ya afya hayayataji. La kwanza ni barakoa. Zile za kuzuia vumbi ambazo maseremala wengi huwa nazo zina vali mbele, nayo hufunguka mtu anapotoa pumzi. Zinamkinga mvaaji dhidi ya vumbi, lakini pumzi yake inatoka bila kuchujwa ipasavyo na kuwafikia wengine. Chagueni zisizo na vali, za kiwango cha N95 au FFP2, ambazo huchuja yote mawili. La pili ni kelele. Mashine zikiwaka watu hupaza sauti na kusogeleana masikioni, na anayepaza sauti hutoa matone mengi zaidi ya anayeongea kwa utulivu. Kubalianeni juu ya ishara chache za mikono kwa maneno kama zima, subiri, na njoo unishikie, na mtu akiwa na la kueleza, mashine izimwe kwanza. Madirisha yawe wazi hata kama feni ya kunyonya vumbi inafanya kazi, kwa sababu feni nyingi huchuja vumbi kisha kuirudisha hewa ileile ndani.

Watu wawili watangulie siku kadhaa kabla ya wengine. Wafungulie mabomba yote maji yatiririke kwa dakika kadhaa, kwa kuwa maji yaliyolala kwenye mabomba muda mrefu huweza kuotesha bakteria wa kudhuru mapafu. Waondoe kutu kwenye meza za mashine kwa sufu laini ya chuma na mafuta. Wakague mikanda iliyokaa imevutwa mahali pamoja kwa miezi, na wajaribu gundi kwa kuunganisha vipande viwili vya taka na kuvivunja kesho yake: mbao ikivunjika pembeni mwa mstari wa gundi, gundi ni nzima, na mstari ukiachia wenyewe, chupa itupwe.

Wapo watakaobaki nyumbani kwa miezi mingine, kwa umri wao au kwa afya ya wanaoishi nao, na hao ndio wanaosahaulika kwa urahisi kabisa wiki ile ile ambayo wengine wanafurahia kurudi. Jozi zao zisivunjwe, simu za wiki ziendelee, na zamu moja iwe na simu iliyotundikwa kwenye kile kishikio cha mbao, kioo chake kikielekea kwenye jiliwa.